Jina Kwenye Jalada

Mikono miwili ilikidaka kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna uliokubali kuachia.

Ilikuwa saa saba mchana, ule muda ambao watu wa maofisini wanamwagika barabarani kutafuta chakula, na kibaraza cha wauza vitabu vya mitumba kilikuwa hakipitiki. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, gauni la bluu iliyoiva, miwani mikubwa, kalamu nyekundu kaichomeka kwenye nywele na kuisahau humo. Alikuwa mhariri wa vitabu vya watoto. Ofisini walimwita Nukta, kwa kuwa sentensi ya mtu haikumpita bila kukaguliwa mpaka mwisho wake. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa hadi viwikoni, vidole vimejaa madoa ya gundi iliyokauka.

"Samahani, kaka," Nukta alisema. "Nimekiona kwanza."

"Umekiona kwanza. Mimi nimekigusa kwanza."

"Unakitaka cha nini? Hiki ni kitabu cha watoto wa miaka kumi."

"Kwani wewe una mingapi?"

Muuzaji aliinua uso kutoka kwenye gazeti. "Malizaneni basi, jamani. Mnanizibia wateja."

Kitabu chenyewe kilikuwa *Mlima Uliohama*, toleo la kwanza, jalada limenyofoka upande mmoja. Ndugu wawili, kaka na dada, wanaamka asubuhi na kukuta mlima wa nyuma ya mji wao umeondoka. Wanaufuata kwa nyayo zake, kila unyayo shimo la ukubwa wa uwanja wa mpira, wanapita nchi ya mijusi wanaoongea kinyumenyume na mto unaopanda badala ya kushuka. Kizazi kizima cha wanafunzi kilikisoma kwa kificho chini ya madawati huku mwalimu akifundisha hesabu. Kisha kikaadimika. Sasa kampuni ya Nukta ilikuwa inazitoa upya riwaya tano za zamani za safari na maajabu, na hii ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nakala mbili zilizobaki stoo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Alikuwa ameizungukia wiki tatu.

"Nafanya kazi kampuni iliyokichapa," alisema. "Tunakitoa upya. Nahitaji nakala yenye kurasa zote, ndiyo maana siachii."

Mwanamume akaachia. Aliachia ghafla, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Nukta alidhani ni adabu tu.

"Chukua," akasema. "Ila uti wake umekufa. Ukikilaza kwenye mashine ya kunakili, kurasa zote zitamwagika. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu, karakana yangu iko nyuma ya stesheni ya treni. Kilete kesho nikishone."

"Nitajuaje hutatoroka nacho?"

"Utakaa hapohapo unilinde."

Akakaa kweli. Kesho yake alikaa saa mbili kwenye kigoda, akimwangalia Fundi anavyokifumua kitabu uzi kwa uzi, akilainisha migongo ya kurasa kwa brashi ndogo, midomo ameibana kama anayemvisha mtoto viatu. Karakana ilinuka gundi na ngozi. Treni ilipopita, mikebe yote rafuni ilitetemeka, na Fundi alinyoosha mkono kuizuia bila hata kuiangalia. Nukta aliondoka pale na kitabu kizima na namba ya simu.

Miezi minne ikapita hivyo. Simu yake ilikuwa ikiita kabla hajamaliza chai ya asubuhi.

"Nukta wangu, umefika wapi leo?"

"Ukurasa wa tisini na mbili. Mjusi amekataa kuwavusha mto."

"Mwambie mjusi kuna mtu anakusubiri saa kumi na moja."

"Mjusi anasema huyo mtu asubiri mpaka aya iishe."

"Huyo mjusi ana roho mbaya. Mpe salamu zangu."

Alianza kuvaa magauni aliyokuwa akiyatunza bila kujua anayatunzia nini. La rangi ya haradali lilimfanya Fundi apake gundi kwenye meza badala ya kwenye jalada. Wenzake ofisini walimcheka kwamba siku hizi anacheka peke yake mbele ya kompyuta.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera kama punje ya mchanga kiatuni. Fundi alikijua kile kitabu kupita kiasi. Siku moja Nukta alikuwa akimsomea prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, akafika pale mlima unapoulizwa kwa nini umehama.

"'Mlima ulilala,'" alisoma.

"Ulilia," Fundi alisema huku akikata uzi. "Siyo ulilala. Mlima ulilia."

Nukta akaangalia toleo la kwanza. Humo kuliandikwa *ulilala*. Lakini ukurasa uliofuata ulikuwa na kijito cha maji ya chumvi kilichotokea haijulikani wapi, na tangu utoto wake hakuwahi kuelewa kimetoka wapi. Sasa alielewa.

"Umejuaje wewe?"

"Nimekisoma mara nyingi." Fundi akainuka kwenda kukoroga gundi ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Siku nyingine Nukta alimweleza kilichomuuma tangu ana miaka kumi. Katika sura ya sita yule msichana, aliyekuwa mbele safari nzima, anashikwa na homa na kuachwa kwenye kibanda cha mchungaji, na kaka yake ndiye anayeupanda mlima, anazungumza nao na kuurudisha nyumbani.

"Nililia, Fundi. Si kwa huruma, ni kwa hasira. Nilimwuliza mwalimu kwa nini aumwe yeye. Akaniambia nikae chini."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye jalada. Alikuwa na uso wa mtu mwenye neno mdomoni. Halafu akalimeza, akamwuliza mtambo wa kuchapa utaanza lini.

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi," Nukta alijibu, na hakuliwazia zaidi.

Jumatatu ya wiki hiyo ya mwisho, saa nne asubuhi, alipita karakana kuchukua sampuli ya jalada. Fundi alikuwa ametoka kununua uzi. Nukta alikuwa na ufunguo wake, akaingia, akafungua droo kutafuta mkasi. Chini ya mkasi kulikuwa na bahasha isiyofungwa, na juu yake jina la kampuni yake.

Aliisoma amesimama. Ilikuwa barua ya mwanasheria. Ilidai kwamba *Mlima Uliohama* haukuandikwa na mtu aliyetajwa jaladani, yaani Mwasisi wa kampuni, marehemu baba wa mkurugenzi wao wa sasa. Uliandikwa na mwalimu wa shule ya msingi, sasa mstaafu, na maelekezo yametolewa na mwanawe, fundi wa kujalidi vitabu. Kampuni isimamishe uchapaji mara moja. Tarehe ya barua ilikuwa siku mbili kabla ya ule mchana wa kibarazani.

Fundi alipoingia, alimkuta ameishika mkononi. Uzi ukamponyoka, ukabiringika mpaka chini ya meza.

"Ngoja nikueleze."

"Nieleze. Nina muda."

Akaeleza akiwa wima, kama mtuhumiwa. Mama yake aliiandika hadithi ile kwenye madaftari, akiwasomea wanafunzi wake kila alasiri. Akampelekea Mwasisi aisome, apate maoni. Baada ya mwaka akaikuta dukani ina jina la mwanamume. Fundi alipoona tangazo gazetini kwamba kitabu kinarudi, damu ilimchemka, akaenda kwa mwanasheria. Siku ile kibarazani alikuwa anatafuta nakala safi ailinganishe na madaftari.

"Hukujua mimi ni nani."

"Nilikuwa sijui. Ulipotaja kampuni ndipo nilipojua."

"Miezi minne, Fundi. Nimekaa kwenye kigoda hiki nakusomea kitabu cha mama yako, nawe unakoroga gundi."

"Niliogopa. Kila nikitaka kufungua mdomo naona utaondoka."

"Kila siku uliniuliza kazi imefika wapi. Nilidhani unauliza kwa sababu unanipenda."

"Niliuliza kwa sababu nakupenda."

"Na siku ya mtambo? Hiyo nayo uliiulizia mapenzi?"

Fundi akanyamaza. Kama angesema uongo wowote pale, huenda Nukta angeushika na kubaki nao. Lakini alinyamaza, na kimya kile ndicho kilichomaliza mambo. Nukta aliweka ufunguo juu ya meza, akachukua mkoba wake, akatoka.

Simu iliita mara kumi na moja siku hiyo, na Jumanne mara tisa. Hakupokea hata moja. Ujumbe mmoja aliusoma, *Nipe dakika tano tu, roho yangu*, akaigeuza simu kifudifudi juu ya prufu. Alijiambia barua ile ni uzushi, watu wangapi hujitokeza kudai kazi za marehemu. Alijiambia hivyo mezani, kwenye ngazi, bafuni. Kisha lile neno lilimrudia, *ulilia*, na mzushi asingeweza kulijua neno hilo.

Karatasi ya idhini ya kuchapa ilikuwa mezani kwake ikingoja saini. Ijumaa saa tatu mtambo ungewashwa.

Jumatano aliomba ruhusa, akaenda kwenye jengo la ghorofa karibu na tangi la maji. Fundi aliwahi kumwonyesha kwa kidole, akasema siku moja atampeleka. Aliuliza mlango wa mwalimu mstaafu, akaelekezwa ghorofa ya tatu. Aliyefungua alikuwa mama mfupi, kitambaa cheupe kichwani, sweta limefungwa vifungo vyote, na sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Nukta. Ingia, uketi hapo penye mwanga."

"Amekuambia habari zangu?"

"Hanyamazi. Kwangu hanyamazi. Kwako ndiko alikopatwa na ububu."

Hakumwuliza amefuata nini. Alikwenda chumbani akarudi na madaftari saba ya shule, yamefungwa kwa utepe, akayaweka magotini mwa Nukta kama mtu anayekabidhi mtoto. Nukta alisoma tangu saa nne hadi saa saba. Chai aliyowekewa ilipoa. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa ubaoni. Na katika daftari la tano, sura ya sita, hakuna aliyeumwa. Msichana alipanda mlima kwa miguu yake, akafika kileleni, akauuliza kwa nini umehama, na mlima ulilia.

Pembeni mwa ukurasa huo kulikuwa na maneno ya kalamu nyekundu, mwandiko mwingine, umelala upande. *Msichana hawezi. Mpe mvulana.* Nukta aliufahamu mwandiko ule. Barua ya Mwasisi ilitundikwa kwenye fremu mapokezi, aliipita kila asubuhi kwa miaka sita.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nilisema. Nilikwenda ofisini kwake mara mbili. Mara ya pili aliniambia nikiendelea na fujo, atawaambia shuleni kwamba nilikuwa natembea naye. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimechumbiwa, nafundisha darasa la nne. Nikarudi darasani."

Nukta akafunga daftari. "Na barua ya mwanasheria?"

"Mimi ndiye niliyeizuia isiende. Aliponiambia amekutana na wewe, nilimwambia, kama unampenda huyo binti, usimtangulizie karatasi za mahakama, mwambie kwa mdomo wako. Akashindwa. Kijana wangu ana mikono mizuri, lakini moyo wake wa kusema jambo zito ni wa kuku."

"Aliniuliza siku ya mtambo."

"Mimi niliitaka." Mwalimu alilainisha sketi yake magotini. "Mara ya kwanza nilikikuta dirishani mwa duka bila kutarajia, nikiwa na wanafunzi wangu wawili. Walinishangilia, wakadhani nitafurahi. Safari hii nilitaka kujua siku yake mapema, nijiandae."

Nukta alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. Kisha akaomba aazimwe daftari la tano kwa siku mbili. Mwalimu alimtazama machoni muda mrefu, kama anayesahihisha mtihani, akampa.

Alhamisi asubuhi Nukta aliingia ofisini kwa mkurugenzi bila miadi. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, suti ya kijivu, mtaratibu, mtu ambaye hakuwahi kumpandishia sauti mfanyakazi. Hilo ndilo lililomtia Nukta hofu zaidi.

"Huu ni mwandiko wa nani, bosi?"

Mkurugenzi aliangalia ukurasa. Akaangalia tena. Rangi ya uso ilimbadilika polepole.

"Umelipata wapi hili?"

Akamweleza, kila kitu, hata kwamba mwana wa mwalimu yule alikuwa mpenzi wake. Alitaka lisikike kwake kwanza.

"Kwa hiyo umekuja na mambo yako ya mapenzi unataka nimfukue baba yangu kaburini."

"Tumeachana. Sina cha kupata hapa. Nataka jina lake litoke mahali ambapo si pake."

"Karatasi ya idhini umesaini?"

"Sijasaini, na sitasaini."

"Mtu mwingine atasaini."

"Atasaini akiwa amesikia hiki kilichoandikwa hapa, kwa sababu kesho kwenye kikao cha saa mbili nitakisoma mbele ya ofisi nzima."

Mkurugenzi akanyoosha mkono. "Niachie daftari, nilitafakari."

"Siwezi. Nimeazima. Nimeahidi kulirudisha kwa mkono wangu."

Alidhani atafukuzwa palepale. Mkurugenzi aligeukia dirisha. Simu ya mezani iliita mpaka ikachoka. Hatimaye akasema bila kugeuka, "Basi kaa hapo, nisome mbele yako."

Alisoma saa nzima. Alipofika sura ya sita, kidole chake kilisimama, kikabaki palepale.

"Baba alikuwa ananisomea hiki kitabu nikiwa na miaka tisa," alisema. "Niliwahi kumwuliza yule msichana alipona lini. Alifunga kitabu, akatoka chumbani. Sikujua nimekosea nini."

Nukta alilifunga daftari, akalirudisha mkobani.

Kabla ya saa sita, mtambo ulikuwa umesimamishwa. Mkurugenzi aliandika mwenyewe barua ya kurasa mbili, akikiri kwamba kampuni haina haki yoyote juu ya *Mlima Uliohama* na kwamba kazi ni ya Mwalimu, akaipiga muhuri. Akamkabidhi Nukta, lakini hakuiachia mara moja.

"Umefanya sawa. Ila sitaweza kukuangalia kila asubuhi ukipita mapokezi, pale jina la baba lilipo. Pengine ni udhaifu wangu. Mwisho wa mwezi uwe umeondoka."

"Nimekuelewa, bosi."

Mwisho wa mwezi ulikuwa kesho yake.

Ijumaa mchana alirudisha daftari. Mwalimu aliomba asomewe barua, akaomba asomewe tena, kisha akaikunja akaiweka ndani ya sweta. Hakulia. Aliuliza tu nani sasa atakichapa, na Nukta akasema hana kazi tena, yeye ndiye atakayezunguka kubisha hodi. Mchapaji alikuja kupatikana baada ya miezi mitano na milango saba iliyofungwa, na watoto wakamsoma msichana akipanda mlima wake. Lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na uhakika wa lolote.

"Nenda karakana," Mwalimu alisema akimsindikiza mlangoni. "Tangu Jumatatu anashona kitabu kimoja. Anakishona, anakifumua, anakishona. Atakimaliza kwa matundu."

Nukta alishuka ngazi akijiambia anakwenda nyumbani. Alijikuta nyuma ya stesheni.

Fundi alikuwa mezani, shati limekosewa vifungo, ndevu za siku nne. Alisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka. Hakukiokota.

"Nimemwona mama," Nukta alisema kutokea mlangoni.

"Ameniambia."

"Sina kazi."

"Amenipigia simu sasa hivi. Nukta, mimi..."

"Ngoja. Siku ya mtambo nimeshaelewa, na kwa hilo nakuomba radhi, nilikuhukumu vibaya. Miezi minne ya kunyamaza sijakusamehe bado. Nina swali moja. Ukinijibu kweli, naketi. Ukinizungusha, naondoka na hutaniona tena. Kuna kitu kingine kinachonihusu, unachokijua wewe, mimi sikijui?"

Fundi akachukua kitambaa, akafuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine. Nukta aliuona uso ule ule wa mtu mwenye neno mdomoni.

"Kipo," Fundi alisema.

"Kitaje."

"Nataka kukuoa. Mama anajua tangu miezi miwili iliyopita."

Nukta akaegemea fremu ya mlango.

"Na dada yangu," Fundi akaendelea, kwa kuwa sasa alikuwa ameamua kusema kweli. "Na mwenye duka la uzi."

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa nne kuambiwa kwamba naolewa."

"Wa tano. Kuna shangazi."

Nukta alibana midomo ili kicheko kisimtoroke, maana bado alikuwa na hasira na alitaka abaki nayo kidogo. "Kuanzia leo, la kwangu nalijua mimi kwanza. Liwe zuri, liwe baya, liwe la kunifukuza humu ndani. Hata kama unaogopa mpaka meno yanagongana."

"Nimekubali."

"Basi niulize. Niulize mimi, siyo shangazi."

Fundi akauliza. Sauti ilimkwama katikati, akakohoa, ikabidi aanze upya. Nukta hakumsaidia hata neno moja. Alimwacha ahangaike mpaka akamaliza mwenyewe, kisha akainama, akakiokota kigoda, akakisimamisha, akaketi.